Kuagana China na Kurudi Kolwezi Pamoja

Mwana wa Kolwezi anayekaribia kurudi kutoka China huanza na mzigo. Ananunua valizi, anapima kilo, anauliza bei ya kontena, anazunguka maduka ya simu hadi miguu inauma. Watu anaowaacha huwakumbuka usiku wa mwisho, na wengi wao anawaaga kwa ujumbe wa simu akiwa tayari kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Mimi nakushauri ugeuze mpango huo. Anza na watu, fuata karatasi, malizia na mzigo. Valizi uliyoiacha utatumiwa. Mwalimu aliyekuvumilia tangu hujui kusoma jina la basi hutapata nafasi nyingine ya kukaa naye na kumshukuru.

Kwa mtu wa Lualaba kuna sababu ya ziada: kampuni za China ziko migodini kwetu. Mkataba uliozaa Sicomines ulitiwa saini mwaka 2008. Mwaka 2016 kampuni ya CMOC ilinunua sehemu kubwa ya mgodi wa Tenke Fungurume. Zijin iko Musonoie kupitia COMMUS, tena iko Kamoa-Kakula pamoja na Ivanhoe, mgodi ulioanza kutoa shaba mwaka 2021. Kijana wa Changsha au Xuzhou uliyesoma naye uhandisi wa migodi anaweza kabisa kupangiwa kazi kilomita chache kutoka nyumbani kwa mama yako. Kwa hiyo watu unaowaaga si lazima wawe watu wa zamani. Baadhi yao mtakutana tena, huku kwetu, na namna mlivyoachana ndiyo itakayoamua mtakavyoanza.

Watu kwanza

Miezi miwili kabla ya tarehe ya tikiti, kaa uandike majina. Usiishie kwa marafiki wa darasani. Weka mlinzi wa bweni aliyekufungulia mlango usiku wa baridi, mama wa tambi aliyejua kwamba huli nguruwe au kwamba unapenda pilipili zaidi ya wengine, mwalimu wa lugha wa mwaka wa kwanza, na yule jirani aliyekupeleka kituo cha polisi kuandikisha anwani. (Sheria inampa mgeni saa 24 tu kufanya hivyo, na aliyefika jana hajui hata kituo kiko wapi.) Weka pia Watanzania, Wazambia na Waganda mliokuwa mkicheza nao mpira Jumamosi, na wazee wa chama cha Wakongo wa mji wako. Ukishaandika, gawa: nani anahitaji kukaliwa mezani, nani anatosha kutembelewa kwa nusu saa, nani anatosha kupigiwa simu. Bila mgawanyo huo, wiki za mwisho zitaliwa na wale wenye sauti kubwa, na wapole utawakosa.

Mezani, jua desturi. Mchina akikualika kukuaga, yeye ndiye mwenyeji na yeye ndiye atakayelipa. Unaweza kujaribu kuwahi kaunta, hilo linaeleweka na hata linapendeza, lakini usigombane naye hadi aone aibu. Wakati wa kugonganisha glasi, ukimkabili mwalimu au mtu aliyekuzidi umri, shusha glasi yako chini kidogo ya yake. Ukiwa kaskazini, usishangae ukipikiwa jiaozi kabla ya kuondoka: huko chakula cha anayesafiri ni hicho, na tambi ni za anayefika. Kula, hata kama umeshiba.

Nawe alika mara moja, kwa chakula cha kwenu. Bukari na sombe mbele ya Wachina waliokulisha miaka mizima ni shukrani ambayo hawataisahau. Jiandae mapema, kwa sababu unga wa mahindi wa maduka ya China kwa kawaida ni wa njano na bukari yake ni nyingine. Unga mweupe na sombe vitafute Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wamekuwa na maduka na migahawa kwa miaka mingi. Ukiwa mji wa mbali, agiza kwa mtu anayetoka huko. Waeleze wageni wako kwamba bukari inaliwa kwa mkono, waoneshe namna ya kufinyanga tonge, kisha waache wacheke.

Zawadi isiwe saa ya ukutani wala mwavuli. Kwa Wachina vitu hivyo vinahusishwa na kifo na kutengana, na mzee atakayepokea anaweza kuumia bila kukuambia. Toa kwa mikono miwili, wala usingoje ifunguliwe mbele yako. Zawadi inayofaa kuliko zote kwa mtu wetu ni malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka na shaba, ambalo mafundi wa Kolwezi na Likasi hulichonga na kulisugua mpaka ling'ae. Mwombe ndugu anayekuja China akuletee vipande vichache vidogo. Mwalimu wa jiolojia ukimpa malakiti ya Kolwezi, itakaa mezani kwake maisha yote. Kitenge nacho kinapendwa, hasa na akina mama.

Kabla ya kuagana, safisha madeni. Hapa sina maneno ya kupamba. Kama uko kwenye likelemba na wenzako, panga zamu yako ili usipokee fungu lako kisha uondoke kabla wengine hawajapata yao. Urafiki mwingi wa Wakongo wa ng'ambo umekufa hapo, na habari hufika Kolwezi kabla ya mwenyewe. Kama mna ugomvi wa zamani, mtafute mwenzako mkae, mwombane radhi uso kwa uso. Usimwachie mtu wa tatu kazi hiyo.

Mwalimu msimamizi mwombe barua ya mapendekezo ukiwa bado unaweza kugonga mlango wake. Ukishafika Kolwezi, barua hiyo itategemea ujumbe, tofauti ya saa 6, na kumbukumbu ya mtu mwenye wanafunzi wapya.

Jambo la mwisho kuhusu watu ni simu. Rafiki wa Kichina hutampata kwenye WhatsApp, kwa sababu imefungwa kule. Maisha yake yako ndani ya WeChat. Akaunti yako ya WeChat inategemea namba ya China, na siku namba hiyo ikikatwa na kupewa mtu mwingine, unaweza kupoteza marafiki wote kwa mara moja. Ihamishie akaunti kwenye namba utakayoitumia Kongo kabla hujaiacha ile ya China, au iulize kampuni ya simu kifurushi cha bei ndogo cha kuhifadhi namba, uilipie miezi kadhaa. Usibadilishe kifaa katika wiki ya safari. Na majina ya watu kumi muhimu, yaandike kwenye daftari pamoja na namba, barua pepe na anwani kwa herufi za Kichina.

Karatasi ambazo hazirudiwi kwa mbali

Kibali cha ukazi kitazame leo, si kesho. Mwanafunzi akishahitimu, chuo huwajulisha polisi wa uhamiaji, na kibali chenye tarehe ya mbele kinaweza kufutwa mapema. Unayetaka kubaki wiki chache ili kusafiri na wenzako, omba kibali kifupi cha kukaa kabla ya hapo. Kuzidisha siku kunatozwa faini ya yuan 500 kwa siku hadi yuan 10,000, au mtu anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Kikundi kinachomsubiri mwenzao mmoja kinaweza kuingia wote kwenye shimo hilo, kwa hiyo tarehe ya kuondoka ipangwe kwa kufuata kibali kinachoisha mapema kuliko vyote.

Chuo cha China hutoa karatasi mbili, cheti cha kuhitimu na cheti cha shahada. Chukua zote, pamoja na orodha ya alama, na tafsiri ya Kifaransa iliyothibitishwa, maana ofisi za Kongo zinafanya kazi kwa Kifaransa. China ilianza kutumia mhuri wa apostili tarehe 7 Novemba 2023, lakini usijiamulie kwamba mhuri huo unatosha kwetu. Uliza ubalozi wa Kongo ulioko Beijing wanataka mhuri gani na kwa utaratibu upi, kisha umalize hapohapo. Baadaye shahada itapelekwa Kinshasa, kwenye wizara ya elimu ya juu, ili ipewe usawa na shahada za nchi. Safari hiyo ni ndefu ya kutosha bila kukosa mhuri mmoja ulioachwa nyuma ya bahari.

Omba pia cheti cha kutokuwa na kosa la jinai kwa miaka uliyokaa. Utakihitaji siku utakapotaka viza nyingine au kazi fulani, na kukipata ukiwa mbali kunahitaji mtu wa kukuwakilisha na karatasi za kumpa mamlaka.

Amana ya nyumba: mjulishe mwenye nyumba kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba, piga picha za kila chumba, lipa umeme na maji, uwe na risiti. Akaunti ya benki ifunge mwenyewe. Taslimu unazoweza kutoka nazo bila kibali ni yuan 20,000, na fedha za kigeni zenye thamani ya dola 5,000. Zaidi ya hapo, tumia njia ya benki.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano inadaiwa unapoingia Kongo. Kama imepotea katika kuhama vyumba, nenda kituo cha afya ya wasafiri wa kimataifa cha mji wako upate nyingine kabla ya wiki ya mwisho.

Safari ya kuaga

Mkitaka kusafiri pamoja ndani ya China kabla ya kutawanyika, fanyeni safari moja, msirundike tatu. Epukeni wiki ya sikukuu ya taifa inayoanza tarehe 1 Oktoba, na epukeni siku za mwaka mpya wa Kichina, maana nchi nzima iko barabarani na tikiti haipatikani. Treni ya mwendo kasi kati ya Beijing na Guangzhou, iliyofunguliwa tarehe 26 Desemba 2012, inakata karibu kilomita 2,300 kwa takribani saa 8. Ndani ya siku moja mtaona ngano ya kaskazini ikigeuka mpunga wa kusini.

Lakini nikichagua kwa niaba yako, ningekupeleka kijijini kwa wazazi wa rafiki yako wa Kichina, kabla hata ya Ukuta Mkuu. Watu wengi wanaishi China miaka mitano bila kuingia nyumba moja ya familia. Nenda na matunda na kitu cha kwenu, msaidie mama yake kukunja jiaozi, piga picha na bibi. Beba pasipoti, na mkilala nyumbani kwa watu kumbukeni zile saa 24 za kujiandikisha polisi. Rafiki huyo siku akija Kolwezi, utakuwa unawajua wazazi wake, na hilo kwetu ni jambo kubwa.

Kurudi kwa kundi

Ethiopian Airlines inaunganisha Guangzhou na Lubumbashi kupitia Addis Ababa, na Kenya Airways hupitia Nairobi. Kundi la Wakongo, Wazambia na Watanzania linaweza kupanda ndege moja Guangzhou na kucheka pamoja saa kumi za usiku. Kumbukeni kwamba kuagana kwenu kwa kweli kutakuwa Addis au Nairobi, kwenye ukumbi wa kuunganisha ndege, ambapo mmoja anakimbilia lango la Dar es Salaam, mwingine la Ndola, wewe la Lubumbashi. Hakuna wakati wa hotuba hapo. Na mzigo umeshapewa lebo ya mji wa mwisho, hamwezi kubadilishana kitu. Kila kitu mlichonunua kwa pamoja, kila deni dogo, kila picha, vigawanywe Guangzhou siku moja kabla.

Chagueni kiongozi wa safari, mtu mtulivu, si lazima awe mkubwa kuliko wote. Awe na nakala ya pasipoti na tikiti za wote, na namba ya ndugu mmoja wa kila mtu. Amueni mapema: mmoja akizuiliwa kaunta, nani anabaki naye na nani anaendelea? Swali hili linaudhi likiulizwa mezani, ila likiulizwa mbele ya askari linavunja urafiki.

Kilo. Angalia tikiti yako mwenyewe inaruhusu nini, kwa kuwa bei tofauti zina mizigo tofauti hata ndani ya ndege moja. Mwenzako akikuomba umbebee kilo tano, mwambie afungue mbele yako, utoe kila kitu, urudishe kila kitu. Akikataa, usibebe. Mfuko uliofungwa wa mtu usiyemjua usiuguse hata kama amekutajia jina la baba mdogo wako. Betri za akiba za simu ziende kwenye mfuko wa mkononi. Humo ndani huenda mna kobalti iliyochimbwa Lualaba, ikasafiri hadi viwanda vya China, na sasa inarudi nyumbani nawe. Nchi yetu hutoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia, na ni vyema vijana wetu waliosoma wakarudi na maarifa ya hatua zilizobaki.

Vitu vizito vitangulie kwa bahari. Wengi huchangia kontena hadi Dar es Salaam, kisha lori linapita Tunduma, linakatiza Zambia, linaingia Kasumbalesa, Lubumbashi, ndipo Kolwezi. Ni karibu kilomita 2,000 za barabara kutoka bandarini hadi mpakani, baada ya wiki nyingi za meli. Hesabu miezi, wala usimwahidi dada yako vyombo vya harusi vitakavyokuja humo. Andika orodha ya kila kitu kwa Kifaransa pamoja na thamani yake, tenganisha vitu ulivyovitumia na vipya vya kuuza, na uliza ubalozini karatasi za mtu anayehamisha makazi. Forodha ya DGDA na wakaguzi wa OCC watataka kuona orodha hiyo. Kila malipo dai risiti, kwa upole na bila haraka.

Wapo wanaochagua kushuka Dar na kumalizia kwa nchi kavu ili wakae na wenzao siku chache zaidi. Wenye muda na afya, nawaunga mkono. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwa mtu anayetoka China, njia hiyo ina maana yake. Pale Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar, kuna makaburi ya Wachina waliofia Tanzania, wengi wao katika ujenzi wa reli hiyo. Pitieni na Mtanzania wenu, mkae kimya dakika chache. Kisha ulizeni stesheni kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo, maana ratiba yake haitegemeki, na muwe na nauli ya basi mkononi. Masharti ya viza ya Tanzania na Zambia yaulizeni mkiwa bado China.

Ukitua Luano, Lubumbashi, usikubali kusukumwa barabarani usiku. Lala kwa ndugu, anza asubuhi. Kolwezi iko karibu kilomita 300, unapita Likasi na Fungurume, na barabara ni ya malori ya shaba yanayoshuka Kasumbalesa. Waambie nyumbani waje wachache kukupokea uwanja wa ndege. Wengine wakungoje Kolwezi.

Wiki za kwanza

Wiki moja kabla ya kuondoka China, mpigie mama au yaya umuulize kwa upole: nani amefariki nikiwa mbali? Familia nyingi humficha mwanafunzi habari za msiba ili asome vizuri. Ni heri uzisikie kwa simu, kuliko kufika na kicheko kwenye nyumba ya mjane. Ukifika, nenda kwanza kwenye nyumba hizo ukatoe pole, ukae chini na wafiwa, hata kama kilio kilimalizika mwaka jana. Zawadi zifuate baadaye. Leta vitu vidogo kwa watu wengi, na wazee wapewe mbele ya watoto wao.

Jioni ya kwanza, tuma ujumbe kwa Kichina kwa wale wa kwenye daftari: nimefika salama, asante. Kwao itakuwa usiku wa manane, watausoma asubuhi. Wenzako mlioachana Addis panga nao siku ya kupigiana simu kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu mwezi wa pili kila mtu ameshamezwa na ya kwao. Kama mmerudi Kolwezi zaidi ya mmoja, kutaneni Jumapili moja, mgawane habari za kazi: nani anatafuta mkalimani, kampuni ipi imetangaza nafasi, karatasi za Kinshasa zimefika wapi.

Na yule Mchina wa darasani akipangiwa kazi kwetu, atalala kambini nyuma ya ukuta, atakwenda mgodini na kurudi, na pengine atamaliza mkataba wake bila kuingia nyumba hata moja ya Kolwezi. Wewe unajua ulivyojisikia siku ile ya kwanza ulipoalikwa kula. Mpigie simu, mwombee ruhusa kwa wakubwa wake, mlete Jumapili aketi na wazazi wako.